Matubwitubwi ya Kipaku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yudith alikuwa na kazi tatu. Alikoka moto jikoni, akampelekea mbuzi majani, kisha akawaondolea samaki blanketi.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyowachekesha majirani wote wa Kwemhina. "Kwa fundi Kristofa samaki wanalala kwenye blanketi," walisema wakiteka maji, "na sisi watoto wetu wanagombania shuka." Yudith alikwisha kuzoea maneno hayo. Baridi ya asubuhi katika milima ya Usambara humfanya hata mtu mzima asite kutoka nje, sembuse perege waliozaliwa kwenye joto la Mombo.

Samaki hao hawakuwa wa kuchezea. Mwaka huo, 1976, wanakijiji walikuwa wamechimba bwawa kubwa bondeni kwa kazi ya pamoja, kila Alhamisi, miezi minne mfululizo. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia kwamba watoto wengi wa kijiji wanakula makande na mnavu tu, na kwamba nyama ya Krismasi na ya Idi haitoshi kuujenga mwili mwaka mzima. Basi bwawa likachimbwa na kujazwa maji. Kilichokosekana ni samaki.

Mwalimu Silvano, aliyefundisha sayansi na kilimo darasa la sita, alikuwa ameteremka mpaka Mombo akarudi na debe lenye perege sita. Wawili walikufa njiani. Wakabaki wanne, dume mmoja na majike watatu.

"Bwawani watakua," aliwaeleza wanafunzi wake, "lakini hawatazaa. Maji ya mlimani ni ya baridi mno kwao. Lazima wazalie mahali penye joto, kisha tupeleke vifaranga bwawani."

Shuleni hapakuwa na moto. Jikoni kwa Yudith moto ulikuwepo tangu alfajiri hadi watu walipokwenda kulala. Baba yake, fundi Kristofa, alichukua vioo vinne vilivyobaki alipotengeneza madirisha ya zahanati, akaviunga kwa fremu na kitako cha mbao na kuziba pembe kwa lami. Tangi lilijazwa maji na kumwagwa mara nne hadi harufu ya lami ikaisha. Kisha likawekwa juu ya matofali karibu na mafiga, ndani yake ukatandazwa mchanga wa mtoni, juu likafunikwa ubao ili masizi yasiingie, na usiku moto ulipozimika likazungushiwa blanketi.

Yudith akateuliwa kuwa mlezi wa samaki. Kazi ya kuleta maji ya mto na mchwa wa kuwalisha alipewa Issa, mwanafunzi mwenzake aliyekaa nyumba ya tatu. Kila Issa alipoleta maji, mama yake Yudith aliyachanganya na ya moto na kuyapima kwa kiwiko, kama anavyopima maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Asubuhi na jioni Yudith alichota maji ya tangi kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, ili hewa iingie. Kisha aliandika katika daftari maalumu lenye jalada la bluu yote aliyoyaona siku hiyo.

Mwalimu alikuwa amempa sharti moja tu. "Usitie mkono tangini, wala usimtoe samaki yeyote bila kuniambia. Ukiona jambo usilolielewa, andika, halafu niite."

"Ndiyo, Mwalimu," Yudith alijibu. Tangu siku hiyo alitembea shuleni akiwa ameshika daftari lile mkononi hata pale ambapo hakulihitaji.

Alimpenda zaidi jike mmoja mwenye alama nyeupe mkiani, ambaye yeye na Issa walimwita Kipaku. Kipaku alikuwa mlafi. Mchwa wakitupwa majini, yeye alifika kwanza.

Ijumaa moja mdogo wake Yudith, Tobia, aliamka mashavu yamevimba na chakula hakimpiti kooni. Mama akampeleka hospitali Lushoto, na Yudith akabaki nyumbani kutunza moto. Jioni Mama alirudi akisema ni matubwitubwi. Akaanza kumkanda Tobia kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya chumvi ya vuguvugu. Tobia akapewa sahani yake na kikombe chake, akakatazwa kucheza na wenzake ili asiwaambukize. Baada ya siku chache mashavu yalianza kushuka.

Jumatatu, Yudith aliporudi shule, Mwalimu Silvano alimwuliza, "Ijumaa hukuwepo. Umenakili somo?"

Hakuwa amenakili. Alikuwa amekusudia kuazima daftari la Issa, lakini aliona haya. Mlezi wa samaki aombe msaada wa somo la samaki kwa mleta mchwa?

"Nimenakili, Mwalimu," akasema.

Ulikuwa uongo mdogo, wa maneno mawili. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali na kuendelea na kazi yake.

Wiki hiyo dume alianza kuwa mweusi na kuchimba shimo mchangani kwa mdomo. Yudith aliandika hayo vizuri daftarini. Wiki iliyofuata, Jumatano asubuhi, aliondoa blanketi, akatupa mchwa, na Kipaku hakuja. Alikuwa amejibanza pembeni. Siku ya pili hakuja tena. Yudith alisogeza uso karibu na kioo. Chini ya kidevu cha Kipaku koo lilikuwa limevimba, na mdomo ulikuwa ukichezacheza kama wa mtu anayetafuna bila kumeza.

Mashavu yamevimba, chakula hali, amejitenga. Ugonjwa huo alikuwa ameuona kwa macho yake ndani ya nyumba hiyohiyo. Tobia alikuwa amekaa siku nyingi karibu na tangi akiota moto.

Alifikiri kumwita Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa amekwenda mkutanoni Mlalo na angerudi Jumamosi. Kusubiri hadi Jumamosi aliona ni kumwacha Kipaku afe na kuwaambukiza wenzake. Kulikuwa na jambo la pili pia, ambalo alilikiri baadaye: alitaka Mwalimu akirudi akute mgonjwa amepona, na kwamba aliyemponya ni yeye.

Siku hiyohiyo Mama alipokwenda shamba, Yudith alitia mkono tangini. Alimkimbiza Kipaku pembe hadi pembe, akamkamata kwa kata, akamtia katika sufuria ya maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kipaku alijirusha mara mbili tatu. Kisha akafungua mdomo, na zikatoka punje za manjano, nyingi, ndogo kuliko punje za mtama, zikatua chini ya sufuria.

"Uchafu wa ugonjwa umetoka," Yudith alijiambia, akashusha pumzi.

Alimrudisha Kipaku tangini, akaimwaga ile sufuria kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Jioni koo la Kipaku lilikuwa la kawaida, na asubuhi yake akala mchwa kumi na moja. Yudith alifurahi sana. Lakini alipofungua daftari la bluu alikumbuka lile sharti la Mwalimu. Akaandika kwa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa maneno yaleyale: *Samaki wote wanakula vizuri. Hakuna mabadiliko.*

Furaha hiyo haikuweza kukaa tumboni. Jumamosi Issa alipoleta maji, Yudith alimtega swali.

"Wee Issa, samaki akivimba koo na kukataa chakula, ana ugonjwa gani?"

Issa alitua ndoo. "Si ugonjwa. Mwalimu alisema ile Ijumaa. Jike la perege likishataga linayabeba mayai mdomoni. Siku kumi na zaidi halili kitu, maana likila litayameza. Linayazungushazungusha mpaka yaanguliwe." Kisha akatazama tangi kwa hamu. "Kwani umeona?"

"Sijaona," Yudith alijibu haraka. "Nilikuwa nakupima tu."

Issa alipoondoka, Yudith alikwenda nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye shina la mgomba. Siafu walikuwa wamekwisha kupita, na udongo ulikuwa mtupu. Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kuogopa fimbo. Alimlilia Kipaku, aliyekaa na njaa ili awalinde watoto wake, naye akaja kumpokonya kwa mkono wake mwenyewe akidhani anamsaidia.

Hata hivyo hakusema. Alijipa moyo kwamba Kipaku atataga tena na hakuna atakayejua.

Mambo hayakumsubiri. Majuma mawili baadaye mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdallah, alikuja kwa fundi Kristofa pamoja na Mwalimu Silvano. Mzee Abdallah hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kuulizwa na watu kila siku lini wataona samaki. Baba alitoa viti uani. Yudith na Issa, aliyekuwa ameleta maji, waliwaamkia wakubwa, wakasimama kando ya mlango wa jiko.

"Mwalimu," Mzee Abdallah alianza, "miezi mitatu sasa. Watu waliacha mashamba yao wakachimba bwawa lile. Leo wananiuliza kama tulichimba josho la vyura. Kamati imependekeza tulifukie, tupande kabichi. Kabichi haihitaji blanketi."

Mwalimu Silvano alikuwa amefungua daftari la bluu magotini. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. "Dume alichimba shimo, nilitegemea wangetaga wiki ile," alisema kwa unyonge. "Lakini hapa naona hakuna mabadiliko, hakuna mabadiliko. Huenda maji yalipoa." Akainua macho. "Issa, maji ulikuwa ukiyaleta saa ngapi?"

"Asubuhi, Mwalimu."

"Yakiwa baridi, na pengine yakatiwa kabla ya kupashwa?"

Issa alitazama miguu yake. "Sijui, Mwalimu. Mimi nayaacha hapa mlangoni. Pengine nilichelewa siku moja."

"Basi tangu leo pumzika, nitatafuta mwingine. Sikulaumu sana, kijana. Mwenyekiti, naona nimeshindwa. Huku juu ni baridi mno hata jikoni. Kesho nitawarudisha samaki Mombo."

Issa aliokota ndoo yake tupu. Alikuwa amebeba maji yale miezi mitatu bila kukosa, akipanda kilima na ndoo kichwani, na sasa alikuwa akiondoka kama mtu aliyeharibu kazi ya kijiji kizima. Yudith alimwona akifika kwenye kona ya ua, na akajua kwamba asipofungua mdomo sasa hivi hataufungua tena.

"Mwalimu," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Issa hana kosa. Nimeandika uongo."

Baba yake aliacha kuchonga mpini aliokuwa nao mkononi. Issa alisimama.

Yudith akaeleza yote bila kupumzika: somo ambalo hakunakili, koo lililovimba, matubwitubwi ya Tobia, sufuria ya chumvi, zile punje za manjano. Alipofika kwenye shina la mgomba machozi yalimzidi.

Mzee Abdallah alikuwa wa kwanza kusema. "Umemtibu samaki matubwitubwi," alirudia taratibu. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Yudith, mjukuu wangu, na kanga ya kumfunga kichwani ulimpa?"

Mwalimu Silvano hakucheka. Alikuwa amesimama. "Ngoja kwanza. Punje zilikuwa za rangi gani?"

"Manjano, Mwalimu. Kama mtama."

"Koo lilivimba lini?"

"Jumatano alikataa kula, Alhamisi nikaliona koo. Nilimtoa siku hiyohiyo."

"Na maji siku hizo yalikuwaje?"

"Mama aliongeza kuni kwa ajili ya kumkanda Tobia. Moto haukupoa mchana kutwa. Maji yalikuwa ya moto kidogo kuliko siku zote."

Mwalimu alikaa tena, polepole, akaweka daftari chini. "Mwenyekiti, umesikia? Wametaga. Hapahapa Kwemhina, kwenye jiko hili. Kwa majuma mawili nimedhani haiwezekani, kumbe tayari imewezekana. Tulichopungukiwa ni kuni kidogo."

"Na ukweli kidogo," alisema Baba, akimtazama binti yake.

"Na ukweli," Mwalimu alikubali.

Mzee Abdallah alifikiri akikuna kidevu. "Jike akinyang'anywa mayai, hutaga tena?"

"Hutaga, baada ya wiki kadhaa, maji yakiwa na joto na watu wakimwacha kwa amani."

"Basi kabichi itangoja mwezi mmoja. Mmoja tu, Mwalimu."

Wakubwa walipoendelea na mazungumzo, Yudith alimfuata Issa penye kona. "Nisamehe, Issa. Nilikuacha ulaumiwe."

Issa aliizungusha ndoo mkononi. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Ungeniambia tu hukunakili. Ningekusomea mwenyewe. Ulidhani nitakucheka?"

"Ndiyo."

"Ningecheka," Issa alikiri baada ya kufikiri. "Lakini ningekusomea."

Yudith hakuachwa hivihivi. Kesho yake alipewa kazi ya kusimama mbele ya darasa la nne na kufundisha somo lile ambalo hakunakili, akianza na habari ya sufuria ya chumvi. Watoto walicheka hadi wakashika matumbo, na kwa muda mrefu walipokutana naye njiani walimwuliza hali ya wagonjwa wake. Lakini hakuna hata mmoja aliyelisahau somo.

Nyumbani kuni ziliongezwa. Issa alirudi na ndoo yake, na sasa kila mzigo wa tatu alioubeba ulikuwa wa kuni. Siku ya ishirini na tatu Kipaku hakuja kula. Yudith alichungulia, akaona kidevu kimeanza kuvimba, akarudi nyuma taratibu. Hakugusa kitu. Aliandika daftarini, kisha akakimbia mpaka nyumbani kwa Mwalimu akasahau hata viatu.

Zikafuata siku ngumu. Kazi yote ilikuwa kutofanya lolote. Mama alitundika kanga mbele ya kioo ili Kipaku asishtuliwe na watu wanaopita. Tobia, aliyekwisha kupona, alikatazwa kupiga mluzi jikoni, na Mzee Abdallah, mwezi wake ulipotimia, akakubali kabichi iendelee kungoja. Kipaku alikonda hadi mgongo ukaonekana umechongoka, na Yudith aliumia kumwona, lakini kila mkono ulipomwasha aliupeleka kwenye kalamu. *Siku ya saba. Amekonda. Sijui kama ni kawaida.* Chini yake Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: *Ni kawaida. Umefanya vizuri kuuliza.*

Siku ya kumi na tatu, Yudith alipofunua pembe ya kanga, mbele ya mdomo wa Kipaku palikuwa na kama vumbi jeusi linaloelea. Vumbi lile lilikuwa na macho. Tobia alipoangusha mfuniko wa chungu, vifaranga vyote viligeuka kwa pamoja na kurudi mdomoni mwa mama yao, akafunga mdomo, na ikawa kama hakikuwepo kitu. Yudith alifungua daftari la bluu.

Vifaranga vilikuzwa tangini hadi vikafikia urefu wa kucha ya kidole gumba. Siku ya kuvipeleka bwawani ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi ya pamoja, na watu wote walikuwepo na majembe yao. Mzee Abdallah alimpa Yudith ndoo amimine. Alipoinamia maji, mguu uliteleza kwenye tope, ndoo ikapiga jiwe, na vifaranga vichache vikamwagika kwenye majani. Issa na wengine walipiga magoti kuviokota. Vitatu vilikuwa vimekwisha kufa.

Watu walikuwa wakipiga makofi na vigelegele, na hakuna aliyehesabu. Yudith alikaa kwenye ukingo wa bwawa, akafungua daftari la bluu, akaandika. Mwalimu Silvano alikuja nyuma yake na kusoma juu ya bega lake: *Leo tumetia vifaranga bwawani. Niliteleza. Vitatu vimekufa kwa sababu yangu.*

Mwalimu alikaa kando yake kwenye majani yenye unyevu.

"Unajua, Yudith," alisema, "siku ile kosa lako lilinikasirisha kidogo, lakini zile siku tatu za 'hakuna mabadiliko' ziliniumiza zaidi. Kosa la sufuria lilitupotezea mayai ya mara moja. Uongo wa daftari ulikaribia kutupotezea bwawa zima, na kumtwisha mwenzako mzigo usio wake. Kila mtu hukosea akiwa kazini, hata mimi. Mradi akiseme alichokosea, wenzake watajua pa kuanzia kesho."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi ukurasa huu usiurarue kamwe."

Yudith hakuurarua. Alipuliza wino ukauke, akafunga daftari, akampa Issa alishike, kisha akateremka kuosha ile ndoo.